Sisimizi wanaolima uyoga: mbona huku kwetu hawapo?

MwlBaiolojia_Manyoni
Wakuu, habari za jioni. Leo mwanafunzi wa kidato cha tatu kanibana. Kasoma kwamba kuna sisimizi wanaolima uyoga wao kwenye savana, na wengine ni adimu sana, wanaitwa Mycetagroicus. Akanionyesha ramani: vidoti vichache, vyote Brazili. "Mwalimu, na sisi si tuna savana? Mbona hatunao?" Juzi baada ya mvua nimewaona sisimizi nyuma ya jiko wanabeba vitu vyeupe kuingiza shimoni. Je, ndio hao? Nimemwahidi jibu kesho.

Kumbikumbi1
Hivyo vyeupe ni watoto wao, mwalimu. Maji yaliingia nyumbani, wakahama. Kwetu uyoga wanalima mchwa. Bomoa kichuguu uone: ndani kuna kitu kama sifongo la kahawia, lina vishimovishimo na vitone vyeupe kama chembe za sago. Ndiyo shamba hilo. Uyoga unaochuma kwenye vichuguu mvua zikianza unatoka humo humo.

Mnyamwezi_UDI
Mwalimu, mimi nipo Uberlândia, jimbo la Minas Gerais, mwaka wa tatu sasa, nasomea udongo. Huyo mdudu ni jirani yangu, ingawa sijawahi kumwona.

Savana ya huku inaitwa Cerrado. Ukishushwa hapa usiku, asubuhi utadhani upo njia ya Itigi: miti mifupi iliyopinda, magome manene ya kuhimili moto, udongo mwekundu, vichuguu kila upande. Ila wenyeji wamebadilishana kazi! Mchwa wa huku hawalimi. Wakulima ni sisimizi, spishi kama 250, na wote ni wa mabara ya Amerika, kutoka Argentina hadi jirani na New York. Kilimo chao kilianza Amerika Kusini ilhali bahari ilishatutenga nayo zamani sana. Ndiyo maana huku kwetu hawapo, hata nyasi zifanane vipi.

Sasa hivyo vidoti. Jenasi hiyo ya Mycetagroicus, yaani kundi la spishi ndugu, ilipewa jina mwaka 2001, kwa vielelezo vilivyokuwa vimelala kwenye makumbusho. Kiota hakikujulikana. Mwaka 2011 ndipo ilipochapishwa taarifa ya viota vinne vya spishi yake moja, Mycetagroicus cerradensis, vilivyochimbwa karibu na mji huu huu, na katika kimoja vyumba vya uyoga vilikutwa mita 3.5 chini. Mita tatu na nusu, mwalimu! Mimi nachimba mashimo ya sampuli, mita moja na nusu tu, na udongo wa Agosti ukikauka sururu inadunda kama umepiga lami. Nani atahangaika hivyo kwa mdudu mdogo kuliko punje ya mchele?

Kwa hiyo mwambie kijana asiisome ramani ile kama mipaka ya makazi. Inaonyesha mahali ambapo mtu alipita akatafuta. Na karibu nusu ya Cerrado imeshageuzwa mashamba ya soya na malisho ya ng'ombe, kwa hiyo pengine pa kutafuta hapapo tena.

MwlBaiolojia_Manyoni
Asante sana mkuu. Sasa mdudu mwenyewe mdogo hivyo, shimo lake wanalijuaje?

Mnyamwezi_UDI
Unamwaga chenga za mchele, unakaa kitako, unasubiri. Atakayeokota unamfuata mpaka kwake, taratibu, maana wengi wao wakiguswa wanajikunja na kujifanya wafu. Kwa saúva huhitaji chenga. Hao ni ndugu zao wakubwa, wakata majani. Usiku mmoja walinyoa waridi la mama mwenye nyumba, likabaki vijiti.

Kumbikumbi1
Wanaliwa?

Mnyamwezi_UDI
Saúva ndiyo. Malkia wao wanaruka mvua za kwanza, kama kumbikumbi wetu. Watu wanakaanga sehemu ya nyuma na kuchanganya na unga wa muhogo. Nimekula. Kumbikumbi wa Tabora watamu zaidi.

MwlBaiolojia_Manyoni
😂 Haya. Kesho kipindi cha pili tunakwenda kwenye kichuguu cha nyuma ya bwalo. Jembe nimeshaazima kwa mlinzi.