Utumbo uliowekwa badala ya umio: chakula kinakwama miaka 12 baadaye

Tabibu_Kongwa
Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa ana miaka 31. Utotoni alikunywa kostiki ya kutengenezea sabuni, umio ukaziba. Baadaye aliwekewa kipande cha utumbo mpana, kimepitishwa nyuma ya mfupa wa kidari. Miaka 12 amekula vizuri. Sasa chakula kinakwama, na usiku kinamrudia mdomoni hadi anapaliwa. Njia ya chakula imetanuliwa mara mbili bila nafuu. Nimwandikie rufaa atanuliwe tena?

Kisu_Kifuani
Hapana daktari, picha kwanza. Kutanua ni dawa ya kovu la mshono wa shingoni, pale umio ulipounganishwa na utumbo, na kovu hukamata tonge kavu palepale linapomezwa. Chakula cha huyu kinashuka, kinatuama, kisha kinarudi akilala. Hapo nashuku utumbo umerefuka na kujikunja. Utumbo mpana hausukumi kama umio, chakula hushuka zaidi kwa uzito wake. Kadiri kinavyotuama ndivyo ukuta unavyolegea na mikunjo kuzidi, mara nyingi juu kidogo ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo.

Anywe bariamu, maji meupe yanayoonekana kwenye eksirei, akiwa amesimama, apigwe picha ya mbele na ya ubavu. Kamera ya kuingizwa mdomoni ifuate, isiachwe: hata saratani huweza kuota kwenye utumbo huo, ingawa ni nadra. Mkunjo ukithibitika, unafupishwa kwa upasuaji, ukichuna karibu kabisa na ukuta wa utumbo. Ukikata mshipa mkuu wa damu unaoulisha, kipande chote kinakufa.

Lishe_Makole
Muulize anakula nini. Ugali wa uwele kwa mlenda unateleza hata penye njia nyembamba, mkadhani hakuna kovu. Muulize kuhusu chapati kavu na nyama. Kwa sasa milo 6 midogo, wa mwisho uliwe muda wa saa 3 kabla ya kulala. Miguu ya kitanda upande wa kichwani iinuliwe kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Mito mirefu inamkunja tumbo tu.

Tabibu_Kongwa
Ahsanteni. Anameza pia diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo.

Kisu_Kifuani
Isimamishe leo. Kidonge kikilala kwenye mkunjo kinachoma ukuta. Kwa waliopandishiwa mfuko wa tumbo kifuani badala ya kuwekewa utumbo ni hatari zaidi: kidonda huweza kutoboa hadi kwenye mfuko wa moyo. Ukiona maumivu ya kifua na hewa kuzunguka moyo kwenye eksirei, usiruhusu kamera, maana hewa inayopulizwa inaweza kuukaba moyo. Mgonjwa wa hivyo apelekwe sitiskani (picha ya CT) na kwa mpasuaji saa hiyohiyo.