Kindi wanamaliza chakula cha ndege na kufukua miche: nianze na nini?

Mboga_Ohio

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa wanaowajua hawa wanyama vizuri.

Niko Columbus, Ohio, nyumba ya kupanga. Uwanja wa nyuma una upana wa mita 9 na urefu wa mita 12. Upande mmoja kuna uzio wa mbao, upande wa pili kuna mwaloni mkubwa ambao matawi yake yanafika katikati ya uwanja. Kilishio cha ndege ni cha plastiki, kimening'inizwa kwenye tawi la chini, na ndani ni alizeti nyeusi. Kindi wa kijivu wanakimaliza kabla ya saa nne asubuhi, na wameshatafuna matundu yake hadi mbegu zinamwagika zenyewe.

Bustanini kuna shida tatu. Mahindi yamefukuliwa mstari mzima, punje moja moja. Miche ya sukuma na mnavu inang'olewa siku ileile inapohamishwa kutoka kitaluni, halafu inaachwa juu ya udongo bila kuliwa. Nyanya zinang'atwa upande mmoja zikianza tu kuiva.

Pilipili ya unga na bundi wa plastiki havijasaidia. Mwenye nyumba hataki mti ukatwe, na sumu sitaki kwa sababu kuna watoto. Nianze na nini, na kipi ni kupoteza hela?

FundiBati

Anza na kilishio, maana ndicho kinachowaita. Kikiendelea kumwaga alizeti karibu na bustani, kila kitakachofanyika kwenye miche kitakuwa kazi ya kurudia.

Kilishio kilicho kwenye tawi hakilindiki. Kihamishie kwenye nguzo ya peke yake. Kindi wa kijivu akiwa chini anaruka kwenda juu hadi kama mita 1.2 au 1.5. Akiruka kwenda mbele anafika mita 2.5 hadi 3. Akiwa juu anaweza kujiachia kutoka kimo kikubwa tu na asiumie. Kwa hiyo nguzo ikae angalau mita 3 kutoka kila anachoweza kupanda: uzio, mti, ukuta, meza, pipa la taka, baiskeli iliyoegeshwa. Na juu yake pasiwe na tawi.

Umbali wa mti upime kutoka ncha ya tawi, usipime kutoka shina. Simama chini ya ncha, weka alama ardhini, anzia hapo. Kwa maelezo yako, kati ya ncha za matawi na uzio kunabaki kama mita 4.5, na wewe unahitaji 6. Katikati ya uwanja basi hapafai. Tembea na ule urefu wa mita 12 utafute sehemu ambayo matawi hayafiki. Kama haipo, mwombe mwenye nyumba akubali kupunguza ncha tu, kwa sababu kukata ncha na kukata mti ni mambo mawili tofauti.

Nguzo: bomba la chuma la kupitishia nyaya za umeme, la inchi 1. Linauzwa kwa urefu wa futi 10. Likate libaki mita 2.6, sentimita 60 ziingie ardhini, mita 2 zibaki juu.

Nguzo tupu anaipanda kirahisi sana, kwa hiyo inahitaji kizuizi. Chukua bomba la bati la jiko la kuni, kipenyo inchi 8, urefu inchi 24. Chini ya inchi 6 anaweza kulikumbatia na kupanda. Likiwa fupi kuliko sentimita 45 anaweza kuruka akashika juu yake.

Sehemu inayoharibiwa na wengi ni kifuniko cha juu cha bomba. Likiachwa wazi, kindi anaingia ndani yake, anapanda na nguzo, anatokea upande wa pili. Kata duara la wavu wa chuma wenye matundu ya mraba ya nusu inchi (dukani uliza "hardware cloth"), liwe pana kuliko bomba kwa sentimita 5 kila upande. Kunja kingo ziingie ndani ya bomba, zifunge kwa skrubu fupi za bati nne au tano. Katikati toboa tundu la kupitisha nguzo tu. Kisha funga kibano cha skrubu, kile cha mipira ya maji, kwenye nguzo kwa kimo cha kama mita 1.85, na wavu ukalie juu yake. Usilikaze bomba kwenye nguzo. Linatakiwa lining'inie na kuyumba, maana kindi akigusa kitu kinachocheza chini ya makucha yake anaacha.

Ukimaliza, ukingo wa chini wa bomba usiwe chini ya mita 1.2 kutoka ardhini, na kilishio kikae juu kabisa ya nguzo. Majira ya baridi kumbuka theluji: ikilala sentimita 30 ile mita 1.2 imekuwa 0.9, na anaifikia. Ondoa theluji kuzunguka nguzo.

Watu watakwambia upake nguzo grisi au mafuta ya kujipaka. Usifanye hivyo. Yakishika manyoya ya ndege hayatoki, na ndege mwenye manyoya yaliyogandamana hawezi kujikinga na baridi.

ChirikuWaManjano

Nguzo ya Fundi ndiyo jibu. Naongezea ya kilishio chenyewe na mbegu.

Plastiki iache. Meno ya kindi hayaachi kukua, kwa hiyo kutafuna ni lazima kwake. Chukua kilishio cha chuma, angalau matundu na kifuniko viwe vya chuma. Vipo pia vya springi ambavyo vinafunga matundu uzito ukizidi. Kindi mkubwa ana gramu 400 hadi 600, kadinali mwekundu ana kama 45, jei wa buluu hafiki 110. Ukiweka springi ifunge kwenye gramu 150 hivi, ndege hao wanakula na kindi anakuta pamefungwa. Angalizo: kisiwe karibu na tawi au mlingoti mwingine, kwa sababu akining'inia kwa miguu ya nyuma kutoka kitu kingine, uzito wake haufiki kwenye springi.

Kuhusu pilipili, kanuni yenyewe ni sahihi. Neva za ndege haziitikii ule ukali wa pilipili na za mamalia zinaitikia, ndiyo maana ndege porini wanakula pilipili na kueneza mbegu zake. Kinachoharibika ni matumizi. Unga mkavu haushiki kwenye mbegu: upepo unaupeperusha, mvua inauosha, na unaingia machoni mwa anayemimina, na kwenu kuna watoto. Kama unaitaka pilipili, nunua mbegu zilizokwisha kupakwa pilipili yenye mafuta, na uvae glavu.

Mimi ningebadilisha mbegu kwanza. Alizeti, karanga na mahindi ndivyo wanavyovipenda. Mbegu nyeupe za saflawa zina uchungu na kindi wengi wanaziacha, lakini kadinali, chikadii na njiwa wanazila. Changanya kidogo kidogo na alizeti mpaka ndege wazoee. Mbegu za naija pia ni nzuri, zile nyembamba nyeusi zinazotoka kwenye mmea uleule ambao Waethiopia wanaukamua mafuta na kuuita nugi. Chiriku wa manjano wa huko wanazipenda sana. Zinahitaji kilishio chake chenye nyufa nyembamba, ukizitia kwenye cha kawaida zote zinamwagika.

Weka chakula kinachoisha kwa siku moja, na funga sinia chini ya kilishio. Mbegu zinazolala chini usiku zinaleta panya, na panya ni tatizo kubwa kuliko kindi. Kila wiki mbili osha kilishio kwa klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, suuza, kikauke kabisa ndipo ujaze. Ndege wakikusanyika kwenye kilishio kichafu wanaambukizana salmonela.

KitaluKidogo

Mkuu, bustani sasa.

Miche yako hailiwi, inafukuliwa. Kindi huzika chakula chake kimoja kimoja sehemu nyingi na baadaye hukitafuta kwa harufu na kumbukumbu. Udongo uliotifuliwa leo kwake ni dalili kwamba kuna kitu kimezikwa. Anachimba, hakuti kitu, anaondoka, mche umeshalala. Kwa hiyo unachohitaji ni kumzuia kwa wiki mbili au tatu za mwanzo, mpaka udongo utulie na mizizi ishike. Ukishapanda, shindilia udongo kwa kiganja, mwagilia, tandaza nyasi kavu, na uweke wavu.

Wavu ni uleule wa Fundi, nusu inchi. Wa kuku wenye matundu makubwa haufai, kindi wadogo wanapenya. Wa plastiki unatafunwa, na nyoka wa bustani na ndege wananasa humo na kufa. Chukua roli ya upana wa sentimita 90, ikunje nusu duara: unapata handaki lenye upana wa sentimita 57 chini na kimo cha 28 katikati. Linatosha mstari mmoja wa sukuma. Kingo zifukie sentimita 5 au uzibane kwa vigingi vya waya kila sentimita 30. Ziba na ncha zote mbili, kwa sababu watu wengi wanaziacha wazi na kindi anaingilia hapo. Kwenye vyungu, kata wavu wa duara wenye mpasuo wa kupitisha shina, uulaze juu ya udongo.

Mahindi yanafukuliwa kwa ajili ya punje. Funika mstari tangu siku ya kupanda hadi mche ufike kama sentimita 15. Hapo akiba ya punje imeisha na hana cha kufuata. Ila niseme wazi: mahindi machache chini ya mwaloni yatarudiwa tena yakiwa na maziwa, na kwa kimo hicho hakuna handaki litakalosaidia. Eneo hilo ningelipa terere, kunde za majani na mnavu, ambavyo kindi hana haja navyo.

Nyanya usizisubiri ziive mtini. Rangi ya waridi ikianza kuonekana kitakoni, chuma. Kuanzia hatua hiyo tunda linaiva lenyewe bila kupoteza ladha. Liweke ndani, nyuzi 18 hadi 21, si juani na si kwenye friji. Ukame ukizidi, weka sahani ya maji mbali na bustani. Mara nyingi wanang'ata nyanya kwa kutafuta maji, ingawa sahani peke yake haitoshi.

Kidiri_Makueni

Huku kwetu kindi wa ardhini anaishi shimoni, hapandi mtini, lakini kwa mahindi tabia ni hiyohiyo: anafuata mstari tangu kupanda hadi muda mfupi baada ya kuota, na anafanya kazi mchana. Ukivuka kipindi hicho umeokoa shamba.

Umefanya vizuri kukataa sumu. Kabofurani, dawa ya kuua wadudu, iliyotegwa kwenye chambo imeua ndege, tai na hata simba hapa Kenya, na wengi waliokufa, hasa tai, hawakuwa waliolengwa.

Mboga_Ohio

Asanteni sana, nimeelewa. Maswali mawili ya mwisho. Je, nikimtega kwa mtego wa sanduku na kumpeleka msituni? Na vile vifaa vya sauti vinavyouzwa mtandaoni vinafanya kazi?

Leicester_Shambani

Usimhamishe. Majimbo mengi ya Marekani yanakataza au yanataka kibali, kwa hiyo waulize kwanza idara ya wanyamapori ya jimbo lako. Hata pale inaporuhusiwa, chakula kikiwepo mwingine anachukua nafasi yake haraka. Tena wanazaa mara mbili kwa mwaka, mwisho wa baridi na katikati ya kiangazi, na watoto wanamtegemea mama kwa wiki kumi au zaidi. Ukimwondoa mama wanafia kiotani, huenda ni kwenye dari ya nyumba yako.

Uingereza sheria ni kali zaidi: ukimnasa kindi wa kijivu huruhusiwi kumwachia tena. Aliletwa kutoka kwenu Marekani, akaachiwa Henbury Park, Cheshire, mwaka 1876, na kindi wekundu wa huku wamepungua kwa kushindania naye chakula na kwa ndui ya kindi anayoieneza. Kumhamisha mnyama huyu si jambo dogo.

Vifaa vya sauti na bundi wa plastiki ni hela iliyopotea, wanazoea ndani ya siku chache. Kinyunyizio cha maji kinachowashwa na mwendo kinasaidia kidogo, hasa ukikihamisha mara kwa mara. Vidonge vya naftalini vya kufukuzia nondo wa nguo usiweke bustanini kabisa, ni sumu na vinaingia kwenye udongo wa mboga.

FundiBati

Mpangilio wa kununua: kwanza nguzo, bomba la bati na kibano, halafu roli ya wavu inayotosha kizuizi na handaki, mwisho kilishio cha chuma. Simamisha nguzo kabla ya kuhamisha miche, na baridi ya mwisho ya Columbus ikishapita katikati ya Mei uwe tayari na mahandaki.

Na kindi akionekana juu ya kilishio baada ya hapo, usianze kubadilisha vitu ovyo. Kagua bati kwanza. Likiwa na mikwaruzo ya kucha mpaka juu, kizuizi ni kifupi, chembamba au kimekazwa kisiyumbe. Likiwa safi, hakupanda: amerukia kutoka pembeni au ameshuka kutoka juu. Kaa dirishani asubuhi umwone anapoanzia, kisha upime upya kutoka hapo.