Mistari ya kupamba kwenye Word: tupeane uzoefu, we watumia ipi?

Saiba Mkomani: Wadau salama? Mie niko saiba hapa Lamu, kazi zenyewe mwazijua, sivii, barua, kadi za harusi, na mfungo sita ukikaribia ni ratiba za Maulidi tu asubuhi mpaka usiku. Sasa kuna kitu chanikera, mtu akaa kwenye mashini abonyeza dashi moja moja mpaka mwisho wa ukurasa apate mstari, akiongeza saizi ya maandishi dashi zote zamwagika laini ya pili. Dashi tatu zatosha jamani! Anza laini tupu, --- piga Enta, Word yachora yenyewe ukingo hadi ukingo. Haya, kila mtu alete yake.

Mwalimu wa Langoni: Mie ni andaskoo tatu ___ chini ya jina la shule, yatoka nene imara, halafu ikwoli tatu === yatoka mistari miwili, hiyo naitenga sehemu A na B. Lakini kwenye mitihani hiyo andaskoo ni balaa, wataka kumwachia mtoto nafasi ya kuandika jibu, wapiga andaskoo laini nzima, ukigusa tu Enta yageuka limstari leusi. Dawa yake Control Z hapo hapo, mstari waondoka na andaskoo zako zabaki kama ulivyoziandika.

Mpishi Malindi: Huku kwetu menyu lazima ipendeze, Waitaliano hawa wanasoma menyu kama mkataba wa shamba 😂. Kati ya samaki na vinywaji naweka mawimbi, ~~~ na Enta. Shida ni kuipata hiyo alama, kibodi ya Kimarekani iko chini ya Esc, ya Kiingereza iko karibu na Enta pamoja na hashi, zote mbili unashika Shift. Bosi akataka mawimbi ya buluu, nikaingia kwenye boda (Borders, mistari ya pembezoni mwa aya) nikabadilisha rangi, kwa sababu ule mstari ni boda kama boda nyingine.

Nahodha wa Shela: Mie nina hasira na hiyo mistari wallahi. Nilikuwa na karatasi ya bei za safari za jahazi, mstari ukakaa katikati, nikipiga Delete hauondoki, nikipiga Enta washuka na mimi, nikaipeleka duka moja la kuprinti wakaniambia haufutiki, ikabidi waandike upya karatasi nzima na nikalipa.

Saiba Mkomani: Pole nahodha, hapo ulilipishwa bure. Mstari huo si herufi ndo maana Delete haiuoni, umeshikana na aya iliyo juu yake, na ukipiga Enta aya mpya yarithi boda ile ile ndo waona washuka. Weka kasa (kile kijistari kinachowaka na kuzima) kwenye aya ya juu, nenda kwenye boda chagua No Border. Au Control Q, ila angalia, hiyo yafuta na mpangilio mwingine wa aya, kama uliiweka katikati yarudi kushoto.

Mama Kadi: Na nyota tatu *** hamjaitaja? Kwenye Word yatoka vidoti, mie naitumia kwenye kadi za mchango, juu maelezo, chini kipande cha kurudisha, watu wakata kwa mkasi pale pale. Hashi tatu ### ni mistari mitatu, wa katikati mnene, hiyo ya kadi za harusi. Leptopu yangu nyingine ina LibreOffice, programu ya kuandikia kama Word, na alama zote hizo zakubali, ila huko *** na ~~~ na ### zatoka mistari miwili tu, si vidoti wala mawimbi.

Mwalimu wa Langoni: Ahsante Mama Kadi. Na anayetaka kuizima kabisa kwenye Word msimu wa mitihani: File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, AutoFormat As You Type, toa tiki kwenye Border lines. Mitihani ikiisha arudishe tiki.

Nahodha wa Shela: Control Q imekubali!! Sasa yule wa duka la kuprinti anirudishie pesa yangu.