Naomba ushauri: dada wa kazi hana mkataba wa maandishi, siku 30 za CMA zimepita

Habari za leo wakuu. Naomba msaada kwa waliozoea mashauri ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi).

Dada wa kazi za nyumbani, Dar es Salaam, ameachishwa kwa mdomo baada ya miezi 14, bila notisi wala malipo. Mkataba wa maandishi hakupewa. Hilo halinitishi: kifungu cha 15(6) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtwisha mwajiri asiye na hati mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi, na meseji za mshahara kwa simu zipo.

Tatizo ni muda. Leo ni siku ya 45. Shauri la uhalali wa kuachishwa lina siku 30 tu. Madai mengine yana siku 60, kwa hiyo notisi ya siku 28, likizo na kiinua mgongo (mshahara wa siku 7 kwa mwaka uliokamilika) bado yamo. Alianzia serikali ya mtaa, akazungushwa. Barua za wito anazo. Sheria inampa haki sawa na karani wa benki, ila nani wa kumtajia siku 30 akiwa jikoni? Barua ya madai mwajiri amepelekewa, kimya.

Je, tujaze Fomu Na. 1 (ya kufungua shauri) moja yenye madai yote, pamoja na Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, au tutangulize ya siku 60 yasije yakakwama ombi likikataliwa? Na barua za wito za mtaa, mmeona zikikubaliwa kama sababu ya msingi ya kuchelewa?