River Raid: kwanini mto unakuwa uleule kila nikianza upya?

fundi_rimoti: Wakuu habari za jioni. Nimeweka emuleta ya Atari 2600 kwenye simu (programu inayoiga ile mashine ya magemu ya zamani), sasa nimeng'ang'ana na River Raid, lile gemu la ndege inapanda mto inalipua meli na helikopta. Nilidhani mto unajichora ovyo tu kumbe wapi, kona inayoniua ni ileile juzi jana leo. Sasa kama mto wote umehifadhiwa umekaa wapi, maana faili zima ni KB 4!! Picha ya mchicha aliyonitumia wife asubuhi ni MB 3. Halafu mafuta yananiishia kila saa, nakosea wapi?

kasa_mzee: Haujahifadhiwa mkuu, unakokotolewa. Aliyeliandika ni mwanamama Carol Shaw, wa kampuni ya magemu ya Activision, 1982. Atari ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya baiti 128 tu, meseji moja ya kawaida ya simu inabeba zaidi ya hapo, sasa mto ungekaa wapi? Alichofanya ni kuipa mashine namba moja ya kuanzia, inaikoroga inatoka nyingine, inakorogwa tena, na kila namba ndo inaamua kingo ziwe pana kiasi gani, kisiwa kiwepo au kisiwepo. Ukiangalia unaona kama bahati nasibu ila namba ya kwanza haibadiliki na ukorogaji haubadiliki, kwahiyo lazima utoke mto uleule. Kwangu mimi huyu mama ni noma sana

dada_pwani: Kuhusu mafuta, wewe unayapiga matangi risasi, bisha 😂 Pointi 80 zinakutia tamaa. Pita JUU yake, na ukifika hapo vuta jostiki nyuma ndege ipunguze mwendo ujaze vya kutosha, ukishamaliza ndo ukanyage. Mbele huko matangi yanapungua. Daraja usiliache, lina 500, na ukifa unaanzia pale ulipovunja la mwisho.

bin_kaseti: Hili si ndo Ujerumani Magharibi walilipiga marufuku kwa watoto 1984, eti la kivita, likaja kutolewa kwenye orodha 2002. Kandege kenyewe kama kipande cha kigae. Enzi zile ukifika 15,000 unapiga picha TV yako unawatumia Activision kwa posta wanakurudishia beji ya kitambaa

fundi_rimoti: @dada_pwani umejuaje 😅 Nimejaribu, nimefika 14,960, tangi la mwisho nikalilipua kwa mazoea. Beji ndo hiyo imeenda

dada_pwani: Kidole hicho kifunge kamba