Meneja mkuu wa besiboli anayeshinda alipwe kiasi gani?

Mangi_Shanty (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Darasa la utawala wa michezo hapa Moshi limekwama. Mwaka 2016 Chicago Cubs, klabu ya besiboli ya Marekani, walimwongezea Theo Epstein, bosi anayewajengea kikosi, mkataba wa miaka 5, na taarifa za wakati ule zilitaja takribani dola milioni 50. Nusu ya darasa wanaona ni kufuru kumlipa hivyo mtu asiyeshika hata gongo. Wengine wanasema kapunjwa. Kipimo ni kipi? Naomba hesabu, ushabiki tuuache kijiweni.

Ngarenaro77
Kapunjwa. Anzia bei ya ushindi mmoja. Miaka ile wachambuzi walikadiria kuwa ukisajili mchezaji huru, kila ushindi wa ziada unakugharimu karibu dola milioni 8. Sasa mtazame Kris Bryant: 2016 alilipwa dola 652,000 tu, akawa mchezaji bora wa National League (moja ya ligi mbili kuu za kule), na mchango wake ulikadiriwa kuwa zaidi ya ushindi 7. Sokoni huo ni mzigo wa zaidi ya milioni 50, mchezaji mmoja, msimu mmoja.

Inawezekanaje? Mchezaji hawi huru mpaka atimize miaka 6 ya huduma kwenye ligi kuu, na mwaka wa huduma ni siku 172. Bryant aliitwa timu kubwa Aprili 17, 2015, akamaliza msimu na siku 171. Kwa siku moja hiyo Cubs walijipatia mwaka mzima wa ziada. Alipeleka malalamiko rasmi, akashindwa mwaka 2020.

DadaWaNjiro
Kaka Ngarenaro, hapo unamlipa Epstein kwa kazi iliyofanywa na kanuni. Meneja yeyote angenufaika na mshahara mdogo wa chipukizi. Cha kupima ni tofauti kati yake na meneja wa kawaida ambaye ungemwajiri kesho asubuhi. Kwa Bryant ana sifa kiasi, maana kwenye uteuzi wa chipukizi wa 2013 Houston walichagua kwanza wakamruka, wakamchukua Mark Appel, Cubs wakampata. Ushahidi mzito zaidi ni Jake Arrieta: alitoka Baltimore pamoja na Pedro Strop, Cubs wakawatoa Scott Feldman na Steve Clevenger, na 2015 Arrieta akatwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora.

Ila ukijumlisha, toa pia. Jason Heyward alipewa milioni 184 kwa miaka 8, gongo likagoma, na baada ya msimu wa 2022 wakamwacha huku mwaka mmoja wa mkataba ukiwa bado wanaulipa.

KahawaPB (Moshi)
Rekebisho dogo kwanza: Chicago, Epstein alikuwa rais wa shughuli za besiboli. Cheo cha meneja mkuu kilikuwa cha Jed Hoyer. Siku hizi klabu nyingi zina ngazi hizo mbili, kwa hiyo ukilinganisha mishahara angalia nani hasa ana kauli ya mwisho.

Nikubaliane na Dada. Kwenye mnada wa kahawa, daraja la AA linakuambia ukubwa wa punje tu. Wa kumlipa vizuri ni mwonjaji anayegundua kwamba B (punje ndogo) ya kijiji fulani, kikombeni, inaishinda AA ya jirani. Arrieta alikuwa B hiyo.

Mbona basi hawalipwi milioni 30 kwa mwaka? Klabu ni 30, kwa hiyo nafasi ni 30 tu, foleni ni ndefu, chama cha wachezaji hakiwahusu, na aliye ndani ya mkataba haongei na klabu nyingine bila ruhusa ya mwajiri wake. Epstein alipotoka Boston, Cubs walilazimika kufidia kwa mrushaji, Chris Carpenter.

Mangi_Shanty (Moshi)
Nimeelewa. Sasa bonasi nayo, tuifunge kwenye ubingwa?

KahawaPB (Moshi)
Hapana, mangi. Ukilipia ubingwa wa mwaka huu atauza chipukizi wa kesho. Julai 2016 Cubs walimtoa chipukizi Gleyber Torres ili wampate mrushaji Aroldis Chapman kwa miezi michache. Wakachukua kombe baada ya miaka 108, sawa, lakini si kila mwaka utabahatika hivyo. Mimi ningeweka mshahara wa msingi wa milioni 5 kwa mwaka, halafu bonasi ihesabiwe kwa wastani wa ushindi wa misimu 3 ukilinganisha na fedha iliyotumika, na theluthi yake izuiwe miaka 2 baada ya kuondoka. Akina Heyward wataonekana kwenye hiyo theluthi.

DadaWaNjiro
Milioni 5 hasaini mtu kama Epstein, mwenye makombe matatu (mawili ya Boston, moja la Chicago). Anza na 8.