Mlijuaje kusudi la Mungu maishani mwenu? Tupeane uzoefu

Mleta mada: Wapendwa, leo ibadani mhubiri kauliza, "Mungu alikuumba ufanye nini?" Watu makofi, mimi nimeduwaa. Nimeokoka siku nyingi, nafunga, sadaka natoa, ila jibu sina. Mliojua mlijuaje? Anayetaka kusema "litajitokeza lenyewe" apite tu.

Kinanda: Yeremia 29:11. Mawazo ya amani wala si ya mabaya. Simama hapo.

Msomaji wa Pembeni: Kinanda, panda mstari mmoja juu. Ni barua ya Yeremia kwa Wayahudi waliopelekwa utekwani: miaka 70 Babeli! Wengi waliopokea barua ile walizikwa ugenini. Na waliagizwa nini? Wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee mji wa adui zao (29:5-7). Hakuna aliyepewa maono binafsi pale.

Kinanda: Elimu nyingi, imani sifuri.

Msomaji wa Pembeni: Nimenukuu Biblia, elimu imetoka wapi?

Mama Wawili: Acheni nimwage yangu. Mume wangu alisimama katikati ya mkesha, akachukua maiki, akatangaza Mungu amemwita na kazi anaacha. Mimi mkewe nasikia hapo hapo na waumini wote. Wanashangilia, mimi miguu imekufa ganzi. Akaacha kweli. Kila asubuhi anajifungia chumbani anasubiri maelekezo. Akiba ikakata, ada ikawa vita, na wale wa vigelegele simu hawapokei. Halafu usiku mmoja mtoto anachemka homa, nauli sina, yeye ndani ananena kwa lugha. Nilisukuma mlango nikamtupia mtoto mapajani. Nikamwambia muombee au mbebe twende, chagua. Alimbeba. Njia nzima hatukusemeshana.

Tumaini: Dada pole. Yalinikuta, sitaki hata kuyasimulia.

Sauti ya Nyikani: Ibrahimu naye aliondoka asijue aendako. Msiwavunje moyo walioitwa.

Msomaji wa Pembeni: Ibrahimu aliondoka na Sara, hakumwacha na bili. Paulo mtume mzima alishona mahema, Matendo 18:3.

Kinanda: Mama Wawili, usituache njiani. Kazini alirudi?

Mama Wawili: Alipata nyingine. Wito anasema bado upo. Mtoto mzima.

Kengele: Mleta mada kasahaulika jamani. Mimi ni Mkatoliki, kilichonisaidia ni habari za Ndugu Lawrence, mtawa wa Paris karne ya 17. Kazi yake jikoni, baadaye kushona viatu vya wenzake. Aliongea na Mungu kwenye masufuria kama kanisani. Nikaacha kusubiri jambo kubwa.

Sauti ya Nyikani: Hapo ni kujiridhisha tu. Funga siku tatu kavu, utasikia.

Daktari wa Usingizi: Usifunge, lala! Nabii Elia chini ya mti wa mretemu aliomba afe. Malaika hakumhubiria, alimwambia inuka ule. Akala, akalala tena. Maswali yalikuja baadaye, huko pangoni.

Mzee wa Kanisa: Katekisimu Fupi ya Westminster ya 1647, yale maswali na majibu ya imani, tuliikariri utotoni: lengo kuu la mwanadamu ni kumtukuza Mungu na kumfurahia milele. Nani anahubiri kumfurahia siku hizi?

Tumaini: Hakuna, Mzee.

Mleta mada: Nimesoma zote. Nifunge au nilale?

Kinanda: Funga.

Daktari wa Usingizi: Kula kwanza.